Juu Mpya, Chini ya Kale

Mpwa wangu, kijana anayejipatia riziki kwa kuwatembeza wageni wa Diani juu ya vile vyombo vya magurudumu manne mapana ambavyo vijana wa ufukweni huviita kwadi, aliniuliza swali siku moja chini ya mwembe wa fundi wetu wa Ukunda, na aliliuliza kwa namna ya mtu anayeuliza bei ya muhogo, asijue kwamba wenye hikima wa zamani walilikeshea. Injini ya kwadi yake ilikuwa imelala mbele yetu juu ya gunia, imefunguliwa kichwa, na pembeni yake, juu ya kipande cha kanga kuukuu, zilikuwa zimepangwa pistoni, ringi, valvu na springi zake kama vyombo vya bibi harusi vinavyongoja kuonyeshwa jamaa. "Mjomba," akasema, "fundi akishatia pistoni mpya na ringi mpya na valvu mpya, na silinda iliyochongwa upya, je, hii itakuwa injini ileile, au itakuwa injini nyingine?"

Mimi nimesomesha watoto wa Msambweni miaka thelathini na mitatu, na katika muda huo, ijapokuwa mengi yamenipita, nimejifunza kulitambua swali la mwenye kutaka kujua na swali la mwenye kutaka ruhusa. Mpwa wangu alitaka ruhusa. Alikuwa amekwisha kupata mnunuzi, naye alitaka ulimi wake upewe njia ya kusema "injini mpya" bila ya dhamiri yake kumsuta usiku. Na kwa kuwa sisi Wadigo tuna desturi ya kale inayomfanya mjomba kuwa ndiye baba wa pili, na pengine wa kwanza, aliona ruhusa hiyo ikitoka kinywani mwangu itakuwa imara zaidi. Lakini swali, hata likitoka katika mfuko wa tamaa, haliachi kuwa swali. Nililichukua nikarudi nalo nyumbani, na mpaka leo sijalitua.

Sharti kwanza nieleze jinsi chombo kilivyofikia hali ile. Vyombo vya namna hii havikukusudiwa kwa ajili yetu: Honda ya Japani ndiyo iliyotoa cha magurudumu matatu mwaka 1970, kwa Wamarekani waliotaka kupita katika theluji na mchanga, na Suzuki ikaleta cha magurudumu manne mwanzoni mwa miaka ya 1980; kwetu huja vikiwa vimekwisha kutumika kwingine, na aghalabu vina umri wa kumkaribia yule anayeviendesha. Cha mpwa wangu ni cha Kijapani, cha silinda moja yenye kipenyo cha milimita 83, kinachopozwa kwa upepo tu, na kabla ya kufika kwake kilikuwa kimepita katika mikono ya watu watatu ambao hakuna hata mmoja aliyeandika siku aliyobadilisha oili. Msimu ukiwadia hutoka Diani kila asubuhi, hupita Galu na Kinondo, kisha huingia bara kwa njia za mashamba, mgeni akiwa amejifunga leso puani na kijana akiwa mbele amejifunga subira.

Mchanga ndio uliotenda kazi. Ule mweupe wa pwani, unaopigwa picha na kila atokaye Ulaya, si mbaya sana kwa injini, kwa kuwa ni matumbawe na makombe yaliyosagika, na ulaini wake unajulikana. Lakini ule mwekundu wa vilima vya Magarini una ndani yake chembe za kwatzi na zirkoni, ambazo ni ngumu kupita chuma cha silinda, nayo ni zirkoni ile ile iliyokuwa ikichimbwa katika mgodi wa Kwale na kupakiwa melini tangu mwaka 2014, hata mgodi ulipofungwa mwishoni mwa 2024. Wenye nchi za mbali waliinunua kwa tani. Mpwa wangu aliipata bure, kwa kupitia klina ya hewa ambayo alisahau kuiosha. Chembe moja ikiingia baina ya ringi na ukuta wa silinda hufanya kazi ya tupa, na injini ile hugeuka mara elfu kadhaa kwa dakika. Ikaanza kula oili. Moshi wa buluu ukatoka asubuhi, kisha asubuhi na jioni, kisha kutwa. Nguvu zikapungua hata ikawa mwinuko mdogo humlazimu mgeni ashuke atembee kwa miguu, jambo ambalo hakulilipia.

Hapo akaja dalali mmoja, ambaye simtaji kwa kuwa hayupo kujitetea, akamnong'oneza kijana dawa ya haraka: atie oili nzito kuliko inayostahili, pamoja na ile dawa ya chupa inayoifanya oili ivutike kama asali, na moshi utajificha kwa muda wa kutosha mnunuzi kulipa na kuondoka. Niliposikia haya niliikumbuka hukumu moja tuliyosomeshwa tukiwa vijana chuoni, nasi kwa ujinga wetu tukaiona kuwa ni habari ya mabedui isiyotuhusu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikataza watu kuwafunga viwele ngamia na mbuzi wasikamuliwe siku kadhaa ili mnunuzi akione kiwele kimejaa na adhani kwamba mnyama ni mwingi wa maziwa. Na aliyenunua kwa kudanganyika hivyo akapewa khiyari ya siku tatu, ama amzuie mnyama ama amrudishe, na akimrudisha atoe na pishi ya tende kwa ajili ya maziwa aliyokwisha kuyakamua. Miaka hamsini nilidhani kwamba hukumu hii inangoja ngamia afike Kwale. Kumbe ilikuwa inangoja oili nzito. Nilimwambia mpwa wangu maneno hayo, naye, kwa sifa yake nzuri, alicheka kwanza, kisha akanyamaza, kisha akaenda kwa fundi.

Fundi huyu ni mchache wa maneno, na kazi alifundishwa na mzee aliyekuwa katika karakana ya kiwanda cha sukari cha Ramisi kabla ya kiwanda kile kufa mwaka 1988. Nimependa kuieleza kazi yake kwa kirefu, kwa sababu falsafa nyingi zimeharibika kwa kuzungumzia vitu bila ya kuvitazama.

Aliondoa kiti na tangi, akaimwaga oili katika karai, akachovya kidole na kukisugua juu ya kidole kingine huku ameangalia mbali, kama mpishi aonjaye chumvi. Akaigeuza injini kwa mkono hata alama katika gurudumu la sumaku ikalingana na mkato wake, pistoni ikiwa imefika juu kabisa na valvu zote mbili zimefunga. Akakitoa kikaza mnyororo kabla ya kugusa gia ya kamshafti, kisha akaufunga mnyororo wenyewe kwa waya usije ukatumbukia chini, kwani ukitumbukia kazi ya saa moja huwa ya kutwa. Bolti za hedi alizilegeza kwa kupishanisha, hii kisha ile ya mkabala wake, kidogo kidogo, ili hedi isipinde kwa kuachiliwa upande mmoja. Ilipoinuka tuliyaona masizi meusi, mazito, yamegandamana juu ya pistoni kama ukoko wa wali. Akaigonga silinda taratibu kwa nyundo ya mpira mpaka ikakubali kupanda, na kabla haijamaliza kutoka akauziba mdomo wa kasha la chini kwa kitambaa safi, ili ule mviringo mdogo wa waya unaoizuia pini ya pistoni usiruke ukapotea tumboni mwa injini. Kitambaa kile kilinifikirisha baadaye kuliko chuma chote nilichokiona siku ile, kwa kuwa kilikuwa ni mpaka: kila kilicho juu yake kilitolewa, kikaoshwa kwa mafuta ya taa, kikapimwa na kuhukumiwa, na kilicho chini yake kilibaki gizani.

Silinda aliipima juu, kati na chini, kila mahali mara mbili kwa pande zinazokatana, akatuonyesha kwamba imeliwa zaidi juu kuliko chini na kwamba duara yake si duara tena. Dawa ya ugonjwa huo ni kuichonga iwe pana zaidi na kuitia pistoni iliyozidi ukubwa, ambayo watengenezaji huitoa kwa ziada ndogo za robo na nusu ya milimita; basi ikapelekwa Mombasa kwa mwenye leti, ikavuka feri ya Likoni ndani ya kikapu, imefunikwa kwa gazeti mithili ya samaki. Iliporudi, ukuta wake wa ndani ulikuwa na mikwaruzo myembamba iliyopishana kama msuko wa mkeka, ambayo huwekwa makusudi ili ishike oili na ili ringi mpya zipate mahali pa kujizoeza. Valvu fundi alizisaga katika viti vyake kwa dawa ya kusagia, akizizungusha kwa kijiti baina ya viganja viwili kama mtu apekechaye moto. Kisha akamimina petroli katika tundu zake akangoja. Petroli haikuvuja. Ringi akazivalisha, kila moja alama yake ikitazama juu, na midomo yake akaitenganisha isielekeane, kwa kuwa ikielekeana moto hupata njia ya kushuka na oili njia ya kupanda.

Ilikuwa katika mapumziko ya kazi hii, fundi amekwenda kuswali adhuhuri, ndipo mpwa wangu aliponiuliza lile swali lake.

Serikali ina jawabu lake, na ni jawabu jepesi. Nambari ya injini, ile iliyoandikwa katika karatasi, imegongwa katika kasha la chini, lile lishikalo krankshafti. Hedi haina nambari hiyo, wala silinda, wala pistoni. Unaweza kubadilisha kila kitu kilicho juu ya kitambaa cha fundi mara kumi, na karani atakayeitazama nambari atakwambia kwamba hii ni injini ileile. Kwa upande wa pili, mpwa wangu naye alikuwa na jawabu lake, jepesi vilevile: nguvu za injini hutoka pale moto uwakapo, na pale moto uwakapo pote pamekuwa papya, basi injini ni mpya. Karani anaitafuta dhati ya kitu katika alama, kijana anaitafuta katika kazi, na kila mmoja ameshika upande mmoja wa shuka.

Wakati ule alipita kijana mwenye mizani na gunia, miongoni mwa wale wanaonunua alumini kuukuu kwa ajili ya wahunzi wanaosubu sufuria, akaiinua pistoni ya zamani akataka kuipima. Nilistaajabu. Pistoni ile kesho ingeweza kuwa kifuniko cha sufuria, na keshokutwa ikafunika ugali wa mtu mwingine. Madini yake yangekuwa yaleyale, hayakupungua hata chembe, ilhali pistoni imekwisha kuwa haipo. Na injini iliyokuwa mbele yangu madini yake mengi yalikuwa yametoka Mombasa juzi, ilhali kila mtu, hata mpwa wangu mwenye hila zake, aliiita kwa jina lake la zamani. Kwa hiyo maada inaweza kudumu na kitu kikatoweka, na maada inaweza kuondoka na kitu kikadumu. Na mwenye kusema kwamba kitu ni chuma chake tu, huyo hajapata kuona sufuria ikizaliwa.

Wafasiri wa Kurani waliligusa jambo hili walipofika katika Suratun Nisaa, pale panapotajwa watu wa motoni ambao kila ngozi zao zikiiva hubadilishiwa ngozi nyingine. Wakauliza, na ni swali la insafu: ngozi mpya ina kosa gani, nayo haikuwapo siku ya dhambi? Baadhi yao wakajibu kwamba anayeonja adhabu ni nafsi, na ngozi ni njia yake tu. Wengine wakatoa mfano wa pete: mtu humwendea sonara na pete yake akamwambia amfanyie pete nyingine kutokana na hii, sonara akaiyeyusha na kuisubu upya, nayo ikawa nyingine kwa sura na ileile kwa fedha. Nilipoukumbuka mfano huo niliitazama ringi iliyokuwa juu ya kanga, ambayo kwa lugha yetu ingefaa kuitwa pete, nikaona kwamba mfano wa wafasiri unatufaa nusu tu. Pete ya sonara ilibaki na fedha yake ikapoteza sura. Pete ya injini yetu imebaki na sura yake, kwa kuwa ya zamani na mpya ni mapacha, ikapoteza chuma chake.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikwenda mbele zaidi katika kitabu alichowajibu wanafalsafa. Wao walikuwa wakibisha juu ya kufufuliwa kwa miili, wakisema kwamba mwili uliooza ukawa udongo, udongo ukawa mmea, na mmea ukaliwa na mwingine, hauwezi kurudi ukawa mwili wa yule wa kwanza. Yeye akawaonyesha kwamba mtu tangu utoto wake hata uzee hubadilika viungo vyake kwa kukonda na kunenepa na kwa chakula kinachoingia na kutoka, naye ni yeye yule. Basi mwenye kuidhaminia nafsi yake utu wake katika maisha haya, akiwa amebadilishiwa mwili mara nyingi bila ya kujua, hana haki ya kulistaajabia jambo hilo likifanyika mara moja zaidi.

Mimi nina ushahidi wangu mdogo katika jambo hili. Jicho langu la kulia lilipoingia mtoto wa jicho, daktari aliitoa lenzi niliyozaliwa nayo akatia ya plastiki, kwa muda usiozidi ule wa kunywa kahawa kwa utulivu. Kwa lenzi hiyo nasoma msahafu, kwa lenzi hiyo namtambua mpwa wangu akija mbali na shida zake. Siku ile viungo vitakapotoa ushahidi, sidhani kama nitaweza kusema kwamba yale yaliyotazamwa na jicho hili kabla ya upasuaji hayanihusu, kwa kuwa lenzi iliyoyatazama ilitupwa katika ndoo ya hospitali. Ningependa, kwa kweli, kwa kuwa ujana wangu ulikuwa na macho mengi. Lakini mimi nayakumbuka, na mwenye kukumbuka hana pa kukimbilia.

Na hapa ndipo ninapoona kwamba mfano wa Ghazali, ambao kwangu mimi unatosha, kwa injini hautoshi. Mwanadamu hubaki yeye kwa sababu ndani yake mna kitu kinachosema "mimi", kinachojua deni lake na kinachoogopa hesabu. Injini haisemi "mimi". Haikumbuki Magarini, haijui kwamba ilitiwa oili chafu na bwana wake wa pili, wala haioni haya kwa moshi. Ikiwa basi ina umoja wowote wa kuidumisha tangu Japani hata Ukunda, umoja huo haumo ndani yake. Ameuweka mtu mwingine, na ni wa kuazimwa. Ulikuwamo katika kumbukumbu ya mpwa wangu, katika vidole vya fundi, katika karatasi ya karani. Kitu kisicho na nafsi, habari yake yote imewekwa amana kwa wenye nafsi, nao wakiinyamazia au wakiigeuza, hakuna mahali pengine ambapo habari hiyo imeandikwa. Mtu akisifiwa kwa uongo anaweza kujitetea siku moja, akasema mimi siye niliyesifiwa hivyo; injini haitasema.

Tunao mfano mkubwa zaidi hapa hapa Diani. Msikiti wa Kongo, karibu na pale mto Mwachema unapoingia baharini, katikati ya mibuyu, umejengwa kwa matumbawe karne kadhaa zilizopita, na mpaka leo watu huswali ndani yake. Chokaa iliyoko ukutani si yote ile ya waashi wa kwanza, wala paa, wala mikeka. Lakini hakuna anayeingia pale akasema kwamba anaswali katika msikiti mwingine. Sheria ya madhehebu yetu ya Shafi inasema zaidi ya hapo: msikiti uliowekwa wakfu hata ukibomoka wote haurudi kuwa milki ya mtu, wala hauuzwi, mahali pale ni msikiti, hata kama palipo ni nyasi tu. Jiwe halikuushika msikiti ule hata siku moja. Ulishikwa na neno la mtu aliyesema "nimeuweka wakfu", na waliokuja baada yake wakalihifadhi neno hilo kizazi baada ya kizazi. Sikusudii kuiinua kwadi ifikie daraja ya msikiti, Mungu anisamehe; nakusudia kwamba neno la mtu linaweza kuwa ndiyo nguzo ya kitu, na hapo anayelivunja neno amekivunja na kitu.

Basi fundi aliporudi kutoka kuswali nilimwuliza yeye swali la mpwa wangu. Hakufikiri sana. "Juu mpya, chini ya kale," akasema, na kabla sijamshukuru akaongeza jambo ambalo nisingelipata kitabuni. Injini iliyochakaa pamoja, alisema, huchakaa kwa masikilizano: juu hapana nguvu, basi chini hapaumii. Ukiipa juu nguvu mpya, mgandamizo ukirudi kama wa siku ya kwanza, beringi za chini zilizozoea uzee hupigwa na kishindo ambacho hazikukipata miaka mingi, na pengine zikafa kwa sababu ya tiba ya jirani yake. Kwa hiyo anayeinunua hapaswi kuambiwa kuwa ni mpya, na hapaswi hata kuambiwa kuwa ni ya zamani. Inampasa aambiwe mpaka umepita wapi.

Nilirudi kwangu nikafungua Minhaji ya Imamu Nawawi katika mlango wa mauzo, kwa kuwa nilikumbuka kwamba mna mas'ala karibu na hili. Mwenye kuijua aibu ya bidhaa yake ni wajibu aibainishe, na mnunuzi akiigundua aibu iliyofichika ana haki ya kurudisha, ila afanye hivyo papo hapo bila ya kukawia. Je, muuzaji akisharutisha kwamba yeye ameepukana na kila aibu, sharti lake litamfaa? Jawabu lililotiliwa nguvu ni kwamba litamfaa katika aibu moja tu: ile iliyofichika ndani ya mnyama, naye mwenyewe hakuijua, na sababu waliyoitaja wanavyuoni ni kwamba mnyama hula akiwa mzima na hula akiwa mgonjwa, na tabia yake hugeuka, hata ni nadra kuepukana na ila ya dhahiri au ya batini. Nyumba haikupewa ruhusa hiyo, wala nguo. Nilikaa na kitabu mapajani nikijiuliza kama injini ni nguo au ni mnyama. Inakula, hula ikiwa nzima na hula zaidi ikiwa mgonjwa, ya ndani yake hayaonekani ila kwa kuipasua. Mimi si mufti, na kiyasi ni upanga ambao mwalimu wa shule ya msingi hapaswi kuuchomoa mbele za watu. Lakini niliona kwamba hata ruhusa hiyo, kama ingekuwapo, ilikuwa imefungwa kwa sharti la kutojua kwa kweli, na kutojua kwa kweli si sawa na kuziba mdomo wa injini kwa kitambaa kisha ukakisahau kitambaa.

Mnunuzi alifika Ijumaa, baada ya swala. Alikuwa mama wa Kibuyuni, upande wa Shimoni, miongoni mwa wale wanaolima mwani, naye alitaka chombo cha kuvuta magunia ya mwani mbichi kutoka ufukweni mpaka uchanjani. Fundi alipopata habari ya maji ya chumvi alimwambia aioshe kwa maji ya kisima kila jioni, na asiikimbize katika safari za mwanzo, aipandishe mwendo na kuushusha, ili ringi na ukuta zipate kujuana. Kisha abadilishe oili mapema, kwa kuwa oili ya kwanza itachukua unga wa chuma wa kujuana huko. Mama alisikiliza yote. Kisha akamgeukia mpwa wangu.

"Mwanangu, injini ni mpya?"

Nilikuwa nimesimama karibu, na nakiri kwamba niliitazama mikono yangu. Mpwa wangu alimeza mate. "Juu mpya, mama. Chini ya kale."

Akaenda akaleta pistoni ya zamani, ambayo fundi alikataa kumwuzia mwenye mizani kwa hoja kwamba ina mwenyewe, akamwonyesha mikwaruzo iliyoshuka ubavuni mwake kama njia za mvua katika kilima. Mama aliigeuza geuza, akapitisha ukucha. Bei ikashuka, kama tulivyojua kwamba itashuka. Kisha akamtazama fundi.

"Na huko chini kukoje?"

"Chini sikufungua, mama."

Akaomba iwashwe. Ikawaka kwa mkono wa kwanza, bila moshi, na yeye akachutama kando yake, akafumba macho, akasikiliza kwa muda mrefu kuliko ninavyosikiliza mimi hotuba. Alipoinuka alifungua pindo la kanga, akazihesabu pesa juu ya kiti cha kwadi, akampa mpwa wangu zake. Lakini elfu kumi akazibakisha mkononi mwake, kisha akanigeukia mimi.

"Hizi ni za chini," akasema. "Zikae kwako, Mwalimu, miezi mitatu."

Sikuwa na andiko la kuliruhusu jambo hilo wala la kulikataza, na mpwa wangu, baada ya kunitazama na kutopata msaada, alikubali. Zimo katika bahasha ndani ya mtoto wa meza yangu, chini ya miwani ambayo sihitaji tena, na mwezi wa pili haujamalizika.